Bi Shingo na Shingo ya Wifi Yake

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Aliye jikoni apunguze moto kwanza, maana leo sitaki mtu aunguze chakula halafu anilaumu mimi. Tunamkumbuka mwanamke ambaye watu wengi hawakumpenda. Nalisema hilo mapema.

Kila wiki hapa studio naletewa marehemu waliokuwa malaika. Hakuwahi kugombana na mtu. Alikuwa mcheshi. Alipenda watoto. Mimi nasoma tu, nifanye nini. Lakini wiki iliyopita alifika mama mmoja pale mapokezi, amebana daftari kubwa kwapani, na alipokaribishwa kiti alikikataa. Akasema, "Nataka mumtangaze wifi yangu. Ametimiza miaka miwili kaburini. Lakini msimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Alikuwa na roho ngumu na mdomo mchafu, semeni hivyohivyo. Na msiseme tulipatana. Hatukupatana."

Nikamuuliza, sasa mama, kama ni hivyo, kwa nini unataka atangazwe? Akanikazia macho. "Nimekuja kutoa tangazo au kufanyiwa usaili?"

Huyo ndiye Matroni, mkuu wa wauguzi katika hospitali moja. Na marehemu ni mke wa kaka yake. Shikeni hapo, wasikilizaji. Wanawake wawili, mtu na wifi yake, wanafanya kazi hospitali moja, korido moja, na hawapikiki chungu kimoja. Mengine yote yanatoka hapo.

Marehemu alikuwa mpiga picha za altrasaundi. Miaka ishirini na minane alikaa chumba namba tatu, mwisho wa korido, nyuma ya pazia la kijani. Humo mlikuwa na kitanda chenye shuka la karatasi, feni inayokwaruza, na mashine. Chupa ya jeli aliiweka ndani ya beseni la maji ya moto, ili ikipakwa isimshtue mgonjwa kwa baridi. Huo ndio ulikuwa upole wake, na uliishia kwenye beseni. Ukishalala kitandani alikwambia, "Funga mdomo. Ukiongea shingo inacheza, na mimi sina siku nzima."

Kwa nini shingo, wakati altrasaundi tunaijua kwa wajawazito? Hapo ndipo alipopatia jina lake. Watu walimwita Bi Shingo. Yeye aliitika bila kununa, na kwa mtu wa kununa kama yeye hilo lilikuwa jambo.

Turudi nyuma. Mumewe alikuwa fundi makabati, mtu mwembamba, mpole, anayepiga mluzi akipiga randa. Asubuhi moja alikuwa anapima mlango wa kabati la mteja. Futi ikamdondoka. Akainama kuiokota, na hakuinuka. Kiharusi. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Baba yake mzazi alikwenda kwa kiharusi vilevile, akiwa na hamsini na minne. Baba hamsini na minne, mwana hamsini na mitatu. Kumbukeni namba hizo.

Mwezi mmoja kabla, fundi alikuwa amepita hospitalini kumpelekea dada yake kigoda alichomtengenezea. Dada yake ni Matroni. Matroni akamwambia, kaka, ukishafika hapa huondoki bila kupimwa presha. Akamfunga mkanda mkononi, akapima, akasema, "Kawaida. Nenda kapige mluzi wako." Basi yeye ndiye aliyempima, na yeye ndiye aliyemwambia yuko sawa.

Siku ya msiba, nyumba imejaa watu, Matroni alisimama mlangoni akamwelekea mjane. Binti wa marehemu, ambaye ndiye mtoto wao pekee na sasa ni fundi cherehani, alikuwepo. Anasimulia: "Shangazi alisema, 'Miaka yote hiyo unachungulia matumbo ya watu. Mumeo alilala ubavuni mwako na hukumwona.' Mama akajibu palepale, 'Wewe ndiye uliyempima. Wewe ndiye uliyesema kawaida.' Shangazi akasema, 'Sikiliza. Pale kando ya kaka yangu pamebaki nafasi moja. Hutalala hapo. Labda mimi niwe nimekufa.'"

Ulimi hauna mfupa, jamani. Na eneo lile la makaburi lilikuwa la ukoo wa fundi, na mkubwa aliyebaki katika ukoo huo alikuwa Matroni. Kwa hiyo hayakuwa maneno ya hasira tu, alikuwa na uwezo nayo. Tangu siku hiyo salamu ilikatika. Wakikutana koridoni mmoja alitazama ukuta wa kulia, mwingine ukuta wa kushoto. Wagonjwa wapya walidhani hospitali ina panya.

Mwaka uliofuata Bi Shingo alipelekwa mafunzo ya wiki moja. Huko akaonyeshwa kwamba mashine ileile ya kutazama mtoto tumboni inaweza kutazama mshipa mkubwa wa damu shingoni, ule unaopeleka damu kichwani. Unauona ukuta kwa ukuta. Moyo ukipiga, mshipa unatanuka. Moyo ukipumzika, unarudi. Mshipa mzima unatanuka na kurudi vizuri, mgumu unatingishika kidogo tu basi. Fikirieni mpira wa kumwagilia maji: ukiwa mpya unavutika, ukikaa juani miaka unakuwa mkavu. Na kuyajua hayo hakuhitaji sindano wala kisu. Unahitaji jeli, kile kidude cha mkononi kinachopita juu ya ngozi, mkanda wa presha, na subira.

Binti anasema mama yake alirudi kutoka mafunzoni akakaa mezani bila kuvua viatu. "Akaniambia, 'Baba yako ningemlaza dakika ishirini tu. Dakika ishirini.' Akalirudia hilo mpaka nikaenda kulala."

Basi akaanza. Mashine ilikuwa ya wajawazito, kwa hiyo yeye alitumia saa yake ya chakula. Alikula ndizi amesimama, huku mtu amelala kitandani. Alianza na wenzake kazini. Unalala chali dakika kumi, kimya. Anakupima presha. Anakupaka jeli chini ya taya. Kwenye kioo inatokea mistari miwili, kuta za mshipa, inaachana na kukaribiana, inaachana na kukaribiana. Anasimamisha picha mshipa ukiwa umetanuka kabisa, anasimamisha tena ukiwa umerudi, anapima tofauti. Tofauti yenyewe ni nusu milimita hivi kwa mtu aliye salama, yaani unene wa ukucha. Anarudia mara tatu. Halafu anachanganya na presha, anapiga hesabu yake, anaandika kwenye daftari. Jina haandiki, anaandika namba na kazi ya mtu. Namba moja, mlinzi. Namba mbili, mpishi. Namba tatu, mfua nguo.

Mlinzi wa lango yupo mpaka leo. Nilimpigia simu akacheka mwenyewe kabla sijauliza. "Aliniambia nina mshipa wa kijana na akili ya kijana pia, nisijisifu. Mpishi yeye aliambiwa mshipa wake umechoka kabla yake. Mpishi alikasirika hakumpa chai wiki nzima. Lakini alikwenda kwa daktari, na dawa anameza. Bi Shingo alikutukana ukaenda. Angekubembeleza usingeenda."

Matroni hakukaa kimya. Jeli ilipoagizwa, ilifika stoo ya wauguzi ikakwama hukohuko. Saa ya chakula ilipokaribia, ghafla wajawazito watatu walitumwa chumba namba tatu kwa pamoja, "wa haraka." Bi Shingo aliwapiga picha wote watatu bila neno, halafu akatoka koridoni akasema kwa sauti ya kuelekea stoo, "Mtu anayeogopa jeli ana la kuficha." Stoo ikafungwa kwa kishindo. Kazi yao ilikuwa hiyo, kutupiana maneno kupitia milango.

Lakini sasa nisikilizeni, wapendwa. Katika shingo zote za hospitali ile, kulikuwa na moja aliyoitaka kuliko nyingine. Baba, hamsini na minne. Kaka, hamsini na mitatu. Na dada yupo hai, damu ni ileile, miaka arobaini na sita. Bi Shingo alimwambia binti yake, "Yule mwanamke simpendi na sitampenda. Ila baba yako alimbeba mgongoni akiwa mtoto. Nataka shingo yake."

Alimtumia ujumbe kwa mlinzi. Jibu likarudi: "Mwambie kama anataka kuninyonga aseme wazi." Alimwandikia barua rasmi. Ikarudi na muhuri wa stoo. Mwaka mzima ukapita hivyo.

Kisha ikaja siku ya kikao cha wafanyakazi wote. Daktari Mkuu, mzee mmoja asiyependa kelele, alikuwa anazungumzia usafi wa vyoo. Mtu mmoja akauliza kuhusu vipimo vya shingo. Matroni akasimama. "Haya," akasema. "Anipime leo. Mbele ya watu. Tumalize huu uganga."

Wakaingia chumba namba tatu watu wanane, wengine wakasimama nje ya pazia. Matroni akalala na sare yake na viatu vyake. Zile dakika kumi za kimya hazikuwepo, nani angezisimamia? Bi Shingo akapaka jeli, akaweka kidude. Hapo Matroni, macho yapo kwenye dari, akasema polepole, "Ungemlaza hivi kaka yangu, leo angekuwa hai."

Bi Shingo hakujibu. Wote waliokuwepo wanasema hakujibu. Alitazama kioo, akasimamisha picha, akapima, akasimamisha tena, akapima. Mara moja tu, hakurudia mara tatu. Kisha akageuka kwa watu wale wanane na kusema, "Mshipa mgumu kuliko yote iliyomo kwenye daftari langu. Baba yake alikwenda, kaka yake akafuata. Sasa zamu ni yake."

Wasikilizaji, hata mimi nilipoelezwa nilisema loo. Unamwambiaje mtu hivyo? Hata adui. Matroni alinyanyuka na jeli yake shingoni, akatoka, akapita korido nzima bila kuifuta. Mfua nguo anasema aliikuta kwenye kola ya sare kesho yake.

Ile kauli ilimwingia. Alianza kwenda kazini kwa miguu. Chumvi aliiondoa mezani. Alipima presha yake hapohapo, akaenda kupima kwingine, na kwingine tena. Kote walimwambia kawaida. Akarudi na vyeti vitatu, akasimama kantini akavisoma kimoja kimoja, kwa sauti, mpaka na tarehe. Watu wakapiga makofi. Daktari Mkuu akaandika barua: vipimo vya shingo visimame. Lakini binti anasema, pamoja na vyeti vyote hivyo, shangazi aliendelea kutembea kwa miguu. Na chumvi hakuigusa. Kawaida ndilo neno alilompa kaka yake, na yeye hakulisahau.

Bi Shingo naye alibaki na picha zake. Hakuwa na ruhusa ya kupima, kwa hiyo alikaa kuzitazama upya, moja baada ya nyingine, kama mtu anayekagua mchele. Alipofika kwenye picha ya wifi yake, akasimama.

Sasa hapa nieleze taratibu. Shingoni, kando ya ule mshipa mkubwa, kuna mshipa wa pili, unaorudisha damu moyoni. Huu ni laini mno. Ukiweka kidude kwa mkono mwepesi unauona, mpana, umejaa. Ukikandamiza, unabonyea, unapotea kabisa kwenye picha. Watu mia na kumi na wawili alikuwa amewapima kufikia hapo. Picha mia na kumi na moja zilikuwa na mshipa laini. Picha moja haikuwa nao, na ilikuwa ya wifi yake.

Maana yake nini? Alimkandamiza. Pale Matroni aliposema lile neno la kaka yake, mdomo wa Bi Shingo ulinyamaza, lakini mkono ulijibu. Ulimbonyeza shingo mpaka mshipa laini ukalala, na mshipa mkubwa nao ukabanwa ukakosa nafasi ya kutanuka. Kipimo kikatoka kibovu. Ulikuwa mgumu kweli au ulikuwa laini? Picha haikusema. Ilichosema ni kwamba mpimaji alikuwa anamchukia mpimwaji.

Binti alikuwepo mama yake alipomweleza. "Nikamwambia, mama, nyamaza. Shangazi anatembea kwa miguu. Ameacha chumvi. Anaogopa, na hofu ile pengine ndiyo inayomsaidia. Ukisema umekosea, ataacha yote. Mama akasema, 'Nikinyamaza nitakuwa nimempima kwa uongo mara mbili.' Nikamwambia, akifa je? Akaniambia niondoke mbele yake."

Jumatatu, kikao cha asubuhi, Bi Shingo alisimama na ile picha mkononi. Mlinzi alikuwa mlangoni, anakumbuka maneno. "Kipimo changu cha Matroni ni bure. Nilimkandamiza kwa hasira, na ushahidi huu hapa, mshipa laini haupo. Sijui kama mshipa wake ni mgumu. Yeye hajui. Vile vyeti vyake vya presha navyo havijui. Namwomba alale tena, nimpime kwa mkono wa halali."

Matroni alicheka. Si kicheko cha furaha, mnakijua kile kingine. Akasema, "Nimelala mara moja na umenifanya kichekesho. Mara ya pili utanipima nikiwa maiti." Na mchana ule, kantini, alikaa meza iliyotazamana na ya wifi yake, akavuta kopo la chumvi, akanyunyiza kwenye sahani yake, akanyunyiza, akanyunyiza, huku anamtazama. Kesho yake alikuja kazini kwa gari.

Huo ndio uliokuwa mshahara wa kusema kweli. Bi Shingo alimrudishia wifi yake ujasiri wa kujiua pole pole, na aliuona ukiliwa mbele yake kila mchana. Kweli humweka mtu huru, tunaambiwa. Hawatuambii huru kufanya nini.

Jambo moja lilibadilika. Daktari Mkuu alimwita ofisini akamwambia, "Mtu anayeleta mwenyewe ushahidi wa kosa lake, vipimo vyake naviamini." Akamrudishia ruhusa, safari hii na muda rasmi, asubuhi mbili kila wiki. Bi Shingo akabandika karatasi ukutani juu ya mashine: SHAHIDI ASIPOONEKANA, ONDOA MKONO. Shahidi ndilo jina aliloupa ule mshipa laini. Mgonjwa akimuudhi, alitoka nje akatembea mpaka langoni na kurudi, ndipo akaweka kidude. Mlinzi anasema siku nyingine alikwenda langoni mara nne kwa mtu mmoja.

Miaka sita ikapita hivyo. Watu mia nne na kumi na wawili wakaingia kwenye daftari. Madaktari wa kutoka mbali walikuja kulinakili. Na kila mwaka, tarehe ya kuzaliwa ya Matroni, barua ilitoka chumba namba tatu kwenda stoo: "Lete shingo." Na kila mwaka ilirudi na muhuri.

Halafu Bi Shingo akaugua. Saratani ya ini. Aliiona mwenyewe kwenye mashine yake mwenyewe, akajifuta jeli, akaenda kwa Daktari Mkuu na picha. Alilazwa wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Na wodi ile ni ya nani? Ni ya Matroni.

Msidhani machozi yalimwagika. Matroni alimtunza kwa sheria, bila kosa na bila salamu. Shuka lilivutwa likakaza, dawa ikaja kwa dakika yake. Bi Shingo alimwambia binti, "Ananitandikia kama anataka kunizika na shuka lenyewe." Siku moja uji ulikuja umepoa kidogo, naye akasema wodi nzima isikie, "Hata uji unaogopa kunisogelea." Matroni akauchukua, akaupasha, akaurudisha, akaukita mezani ukamwagika kwenye sinia. Afya ilikuwa inakwisha, ugomvi haukwishi.

Alasiri moja, saa ya kutazama wagonjwa, binti yupo, Matroni alipita kubadilisha chati. Bi Shingo akasema, "Wifi." Neno hilo halikuwa limetumika miaka minane. Matroni akasimama, lakini hakugeuka.

"Nasikia una miaka hamsini na mitatu sasa."

"Wewe unahesabu miaka yangu ya nini? Hesabu yako."

"Yangu nimeshamaliza. Nataka ile nafasi kando ya mume wangu."

Matroni akageuka. "Nilishasema."

"Ulisema, nilisikia. Nainunua kwako. Nafasi kwa shingo. Nipe shingo yako dakika ishirini, unipe nafasi ile. Ikitoka laini, utanicheka mpaka kaburini, na kaburi ni lako, utakuwa karibu."

Binti anasema shangazi aliitundika chati mahali pake. Kisha akatoka. Binti akaanza kumwambia mama yake, umeona sasa, umemuudhi. Mara wakasikia magurudumu. Matroni alikuwa anaisukuma mashine ya altrasaundi mwenyewe, kutoka chumba namba tatu, na juu yake lile beseni la maji ya moto, na chupa ndani yake.

Akalala kitanda cha jirani kilichokuwa wazi. Safari hii alivua viatu. Binti akavisogeza vitanda viwili vikagusana. Halafu dakika kumi za kimya, kamili, kwa saa ya ukutani. Wifi wawili wamelala sambamba, wote wanatazama dari, na hakuna aliyetukana. Presha ikapimwa. Kawaida, kama siku zote.

Mkono wa Bi Shingo ulikuwa umebaki mifupa. Hata angetaka kukandamiza asingeweza, ilibidi binti amshikilie kiwiko. Kidude kikakaa juu ya ngozi kwa uzito wake tu. Kwenye kioo mshipa laini ukatokea, mpana, umejaa, unacheza na pumzi. Na kando yake mshipa mkubwa, kuta mbili. Zilikuwa zinatingishika kidogo tu. Akapima. Akarudia. Akarudia mara ya tatu. Mara zote tatu, hata robo milimita haikufika.

Hakutangaza. Aligeuza kioo kimwelekee wifi yake. Matroni ni muuguzi, na karatasi ile ya ukutani alikuwa ameipita miaka sita. Akauliza, "Shahidi yupo?"

"Si huyo hapo, unamwona."

Akamtazama shahidi. Akatazama kuta mbili. Akasema, "Umefurahi sasa."

"Ningekuwa na nguvu ningekutukana," akasema Bi Shingo. "Ondoka. Nenda kwa Daktari Mkuu sasa hivi. Usifute jeli."

Akaenda. Korido ile ile, jeli shingoni, kama miaka sita nyuma. Daktari Mkuu akampeleka kwenye vipimo vingine, akafungwa mkanda wa presha wa saa ishirini na nne, akaenda nao nyumbani, akalala nao. Ikaonekana presha yake mchana kazini ni mwanamwali mtiifu, na usiku akilala inapanda. Mkanda wa dakika moja usingeiona. Pengine ndivyo ilivyokuwa kwa kaka yake, pengine sivyo. Hilo hakuna wa kulijibu tena.

Bi Shingo alifariki siku tisa baadaye. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Matroni alitoa ile nafasi kama alivyoahidi. Asubuhi ya mazishi alifika na futi ya kaka yake, ile iliyodondoka, akawaambia wachimbaji, "Pimeni vizuri. Asimbane kaka yangu." Akasimama juu yao mpaka walipomaliza.

Nimelifungua daftari hapa mezani, wasikilizaji. Mwandiko wa mwisho unayumba, lakini unasomeka. "Namba mia nne na kumi na tatu. Wifi. Mkono mwepesi. Shahidi yupo. Akikataa dawa, afukuzwe kazi."

Kwa binti wa marehemu, fundi cherehani wetu, kituo hiki kinakupa pole. Mama yako alikuwa mkali, na ukweli wake ulikugharimu usingizi. Kwa wafanyakazi wa hospitali ile, kwa mlinzi na mpishi na mfua nguo, poleni. Kwa Matroni pia, pole, upende usipende. Na wewe unayenisikiliza, yupo mtu mmoja ambaye hamsalimiani. Unamjua, nami simjui. Fikiria leo mkono wako ukimgusa unakuwa mzito kiasi gani, na kama yale unayoyasema juu yake umeyapima au umeyakandamiza. Halafu nenda na wewe ukalale dakika ishirini, ukapimwe.

Matroni yupo nyuma ya kioo cha studio, amesimama. Kiti amekikataa tena. Alikuja kuhakikisha sisemi walipatana, na shahidi ni nyinyi, sijasema. Nimemuuliza kabla hatujaanza kama ana neno lolote kwa wifi yake. Akalichukua begi lake kama anayeondoka, akarudi.

Jana ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Baba yake aliishia hamsini na minne. Kaka yake aliishia hamsini na mitatu.

"Mwambieni," akasema, "hamsini na mitano."